Wanawake na Kalamu

Jioni hii nataka kuwaelezeni jambo ambalo watu wengi hulidhani kuwa moja, kumbe ni mawili: kusoma na kuandika. Katika maisha ya wanawake wa nchi zetu mambo haya yalitengwa kwa muda mrefu, wala hayakutengwa bure. Asomaye hupokea maneno ya mwingine. Aandikaye hutoa ya kwake, nayo huenda hata mahali ambapo yeye mwenyewe hana ruhusa ya kufika.

Tutazame Unguja kwanza. Salme binti Said, mmoja wa watoto wengi wa Seyyid Said, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Katika kitabu chake kilichopigwa chapa kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi watoto wa mfalme walivyofundishwa. Wavulana na wasichana walikaa pamoja mbele ya mwalimu, wakasoma Kurani. Lakini kuandika walifundishwa wavulana peke yao. Salme hakuridhika. Alitwaa msahafu, akaziiga herufi zake kwa siri juu ya mfupa wa bega la ngamia, maana mifupa hiyo ndiyo iliyokuwa vibao vya watoto siku zile. Habari ilipojulikana alilaumiwa, asijali.

Na wale waliomlaumu hawakuogopa kivuli. Seyyid Said alipokufa mwaka 1856, mwanawe Majid alitawala Unguja, na Barghash, mwana mwingine, akautamani ufalme. Mwaka 1859 Barghash alifanya fitina, na baadhi ya dada zake walikuwa upande wake. Nani ataandika barua? Karani wa nje angeweza kuitoa siri. Basi kazi ile ilimwangukia Salme, naye ni msichana wa miaka 15 hivi, kwa kuwa alijua kuandika. Barua za kuagiza risasi, bunduki na baruti zilitoka katika mkono wake. Fitina ilishindwa, na Barghash akahamishwa Bombay. Mimi siisifu fitina ile, wala Salme mwenyewe baadaye hakuifurahia. Lakini yatuonyesha nguvu ya kalamu mkononi mwa mtu asiyeweza kutoka nje bila kusindikizwa. Hata alipokwisha kuolewa na Mjerumani na kukaa Ulaya, aliwaandikia jamaa zake wa Unguja kwa mkono wake, bila karani kati yao.

Katika miaka hiyo hiyo, katika visiwa vya Lamu, alikuwako Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, yule aliyepigana na majeshi ya Seyyid Said. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Wako leo wanaomlaumu kwa sababu alimfundisha mwanawe kumtii mume mno, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini angalieni jinsi utenzi unavyoanza: mama amwambia binti aketi, atwae wino na karatasi. Na karibu na mwisho awaita wanawake wote wausome. Mtu hawaiti kusoma watu asiowajua kuwa wasomaji.

Lakini hao walikuwa binti wa mfalme na mjane wa shehe. Je, mwanamke wa jembe? Kwake elimu ilichelewa sana. Mumewe alipokwenda mbali kutafuta kazi mashambani au mjini, barua yake ilisomwa na mwalimu, au na mtoto wa shule wa jirani, kwa sauti, na jibu liliandikwa na huyo huyo. Yako maneno ambayo mke hawezi kumtajia mumewe mbele ya mtoto wa jirani. Hayo hayakuandikwa. Na ilipotakiwa sahihi, alichovya kidole gumba katika wino, akakibandika juu ya karatasi ambayo hakujua imesema nini.

Tanzania ilipohesabu watu mwaka 1967, katika kila watu wazima 100, kama 67 hawakujua kusoma wala kuandika, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Rais Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yalifunguliwa katika shule, na hata chini ya miembe, nyakati za alasiri. Vitabu vilihusu kazi za watu: pamba, ndizi, uvuvi, ng'ombe, na mambo ya nyumbani. Akina mama walikuja, wengine na watoto migongoni, wakawa wengi kuliko waume zao darasani. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 haukupima kusoma tu, bali kuandika na kuhesabu pia, na hesabu ya wasiojua ilishuka mpaka 39 katika 100.

Sisi walimu twajua kwamba mtu mzima husahau upesi asichokitumia, na kitabu cha pamba husomwa mara ngapi? Kwa hiyo palianzishwa maktaba za vijiji, na kutoka Mwanza likapigwa chapa gazeti la wanafunzi hao, jina lake Elimu Haina Mwisho. Katika miaka ya 1980 fedha zilipungua, na madarasa mengi yakafifia. Aliyekwisha kuzoea kuandika barua zake mwenyewe hakumrudia tena mtoto wa jirani.