Kambi ya kulipia: namna ya kuchagua pa kulala na pop-up kule Marekani

Kwetu Kivu na Ituri, ukisema kambi, mtu anafikiria Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya: bashi, foleni ya maji, watu waliokimbia bila kupenda. Marekani neno hilo liko na maana ingine. Kule kambi ni kiwanja ambapo watu wanalipa feza ili walale siku mbili ao tatu kando ya mto ao msituni, kisha warudi nyumbani. Jamaa nyingi za kwetu zinaishi leo Kentucky, Ohio, Texas na Iowa, na kwa picha wanazotuma siku hizi unaona watoto wamesimama mbele ya kigari chenye kuta za kitambaa. Huku watu wanauliza: ile ni kitu gani, na sababu gani mtu mwenye nyumba aende kulala inje?

Kigari kile wanakiita pop-up. Ni remorke ndogo inayokokotwa na motokari. Njiani imefungwa, iko chini kama sanduku. Mkifika, mnazungusha mkono wa chuma, paa linapanda, vitanda viwili vinavutwa kwa inje, kimoja mbele na kimoja nyuma, na kuta za kitambaa zinanyooka. Ndani kuko meza, jiko la gazi, mara ingine friji ndogo. Beyi yake iko chini kuliko ya zile nyumba kubwa za magurudumu, njo maana familia changa zinaipenda. Lakini kuta ni kitambaa, na jambo hilo ndilo linaamua karibu kila kitu wakati wa kuchagua pa kulala.

Viwanja viko vya namna tatu ao ine. Kuko vya serikali kuu, ndani ya mbuga za taifa na misitu ya serikali. Hivyo vingi mnashika nafasi kwa intaneti, kwenye Recreation.gov, na vinavyopendwa vinafunguliwa miezi 6 mbele. Ukingoja hadi wiki ya safari, wikendi za mwezi wa saba zimekwisha kujaa. Kuko vya jimbo, vinaitwa state park. Kuko vya watu binafsi. Wanaojulikana zaidi ni KOA, walioanza Billings, Montana, mwaka 1962. Pa KOA mtapata kuran, robine, bafu, mahali pa kufulia nguo, mara nyingi na mchezo wa watoto, lakini mnalipa zaidi na majirani wako karibu sana. Mwisho kuko ardhi ya serikali isiyo na kitu: hapo mara nyingi mnalala bure, mpaka wa kawaida ni siku 14, bila choo wala maji. Kwa familia inayotoka mara ya kwanza, sisi tungechagua state park yenye kuran, isiyo mbali na nyumbani. Kitu kikiharibika, mnarudi siku ileile.

Jina kubwa la mbuga lisiwadanganye. Great Smoky Mountains, kati ya Tennessee na North Carolina, inapokea watalii wengi kupita mbuga zingine zote za taifa kule, lakini viwanja vyake kwa kawaida havina prizi ya kuran wala bafu la kuogea. Kiwanja kikubwa cha Mammoth Cave, Kentucky, nacho hakina kuran kwenye nafasi. (Pale kuko pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani, zaidi ya kilometre 680. Na saa yake iko nyuma saa moja kwa ile ya Louisville, kama vile Kinshasa iko nyuma ya Goma. Ukishika nafasi ya kuingia pangoni, uangalie ni saa ya wapi.) Mtu anayehitaji mashini ya kupumulia usiku, ao aliye na mtoto mchanga wakati wa joto kali, aulize kuran mbele ya kuuliza uzuri wa mlima. Prizi ya kawaida kwa pop-up ni ya ampere 30. Zingine zinatosheka na 20.

Sasa nyama wa pori. Dubu anapasua kitambaa bila shida, na harufu ya samaki wa kukaanga anaisikia toka mbali. Ndani ya Yellowstone kuko kiwanja kinaitwa Fishing Bridge: pale hema na pop-up zote zinakatazwa, wanaingia tu wenye kuta ngumu. Familia inaweza kukokota kigari siku mbili nzima na kurudishwa kwenye mlango sababu haikusoma mstari huo mmoja. Kule Smoky wanawakubali, lakini chakula, sabuni, dawa ya meno na hata sufuria chafu vinafungiwa ndani ya motokari, havibaki ndani ya pop-up. Mtoto asilale na biskuti chini ya mto.

Kisha maji, na hapa tuseme polepole. Nafasi zilizo kando kabisa ya mto ndizo zinapendwa, na picha zake ndizo nzuri. Usiku wa kuamkia tarehe 11 mwezi wa sita 2010, kwenye kiwanja cha Albert Pike, jimbo la Arkansas, mto ulipanda karibu metre 6 kwa masaa machache, watu wakiwa wamelala. Watu 20 walikufa. Tarehe 4 mwezi wa saba 2025, mto Guadalupe huko Texas ulifanya vile tena, na ndani ya Kerr County peke yake walikufa zaidi ya 100, wengine wao wakiwa kwenye viwanja vya kambi. Msomaji wa Kalehe hahitaji kuelezwa zaidi: Bushushu na Nyamukubi, mwezi wa tano 2023, mvua ilinyesha juu mlimani na kifo kikafika chini. Pop-up haikimbii. Kuifunga kunaomba dakika nyingi, na gizani chini ya mvua ni zaidi. Basi chagueni nafasi ya juu, mjue njia ya kupanda kwa miguu, na muulize kama simu inashika hapo, sababu onyo la mvua kule linapita kwa simu. Mahali ambapo simu haishiki, mnunue redio ndogo ya hali ya hewa.

Kwenye ramani ya kiwanja kila nafasi inaandikwa urefu wake. Wengi wanapima kigari kikiwa kimefungwa, kumbe kikifunguliwa vitanda vinaongeza metre mbili ao tatu. Nafasi iwe tambarare pia. Kwanza mnasawazisha kushoto na kuume, mkiweka mbao chini ya gurudumu. Mnazuia magurudumu kwa mawe ao vizuizi. Hapo tu mnaachanisha na motokari na kusawazisha mbele na nyuma. Vyuma vya pembeni ni vya kutuliza, si vya kunyanyua. Kivuli ni kizuri, lakini muangalie juu: tawi kavu likianguka, paa la pop-up halilizuii.

Jambo moja linagusa familia zetu kuliko zingine: hesabu ya watu. Viwanja vingi vinakubali watu 6 ao 8 kwa nafasi moja. Mkiwa 10 na bibi na shangazi, shikeni nafasi mbili zinazofuatana, na msitegemee huruma ya mlinzi. Toka saa nne ya usiku kelele inakatazwa karibu kila pahali. Nyimbo na ngoma zinaisha mbele ya hapo. Kuni nazo msitoke nazo nyumbani. Kuko wadudu wanaosafiri ndani ya kuni, na mmoja wao, aliyeonekana Michigan mwaka 2002, amekwisha kukausha miti kwa mamilioni. Mnanunua pale pale.

Mbabula isiingie ndani, hata ikinyesha, hata watoto wakitetemeka. Wakaaji wa Goma wanajua mazuku, gazi inayotoka ardhini na kuua bila harufu. Ya makala ni gazi ingine, lakini nayo haionekani wala hainuki, na dirisha la kitambaa likifungwa inajaa upesi. Kuko kifaa kidogo cha kulia hatari hiyo. Kikaguliwe mbele ya kila safari.

Kama mvua imenyesha asubuhi ya kurudi, mnafunga hivyo hivyo na kitambaa kiloevu, hakuna namna. Lakini mkifika nyumbani mkifungue tena siku hiyo ao kesho yake, kikauke. Kikibaki kimefungwa juma zima, kinaota ukungu, na harufu ile haitoki tena.