Usakaji wa Hitilafu Hutangulia Utatuzi

Kipakatalishi kilichozeeka kikianza kuzimika ghafla katikati ya kazi, mwenyewe humwendea fundi akiwa na jibu mkononi: betri imekufa, au kimeingiwa na virusi. Safari ya kutoka kwenye dalili hadi kwenye chanzo, Kiswahili cha kompyuta kimezoea kuiita utatuzi wa matatizo. Nashikilia kwamba jina hilo linaruka hatua iliyo ngumu kuliko zote. Ningependa hatua hiyo iitwe usakaji wa hitilafu, na utatuzi libaki kuwa jina la kazi inayofanywa hitilafu ikishajulikana.

Tazama dalili yenyewe. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi, na joto likizidi kupanda mashine hujikatia umeme ili isiungue. Huenda feni imezibwa na vumbi, au ule ute unaopitisha joto kati ya prosesa na kipoozeo umekauka. Betri ya lithiamu iliyochakaa nayo huongezeka ukinzani wa ndani, hivyo kazi nzito inapodai nguvu nyingi kwa ghafla, volteji huporomoka na mashine huzimika huku kioo kikionyesha chaji ya asilimia 30. Tundu la chaja linaweza kuwa limelegea. Katika mji wa Mumias, kama kwingi nchini Kenya, stima nayo ina sehemu yake: betri ikishakufa kabisa, mashine hutegemea chaja tu, na umeme ukikatika hata kwa muda mfupi huzimika, na mwenyewe akaamini imeharibika. Chanzo ni kimoja kati ya hivyo, lakini kinachoonekana ni kioo cheusi kilekile. Hata Windows, inapoandika tukio namba 41 kwenye kumbukumbu zake, inasema tu kwamba mashine iliwaka upya bila kuzimwa ipasavyo, sababu hasa haibainishi. Fundi hana budi kusaka: aiendeshe mashine kwa chaja bila betri ikiwa inatoka, kisha kwa betri bila chaja, apime joto kazi ikiwa nzito, alinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uliobaki, awashe Linux kutoka kwenye flashi aone kama Windows ndiyo yenye kosa. Kila jaribio humwondoa mshukiwa mmoja, na hadi hapo hakuna kilichotengenezwa.

Atakayepinga ana hoja nzito. Kutatua ni kuondoa utata, atasema, na anayefumua uzi uliotatizika huanza kwa kutafuta ncha yake. Kwa asili ya neno, nakubali. Matumizi ya leo, hata hivyo, yamelisogeza: tukisikia utatuzi umepatikana, tunaelewa shida imekwisha. Mwingine atauliza kwa nini isiwe uchunguzi, neno ambalo kila mtu analijua. Halina kosa, ila ni pana mno. Polisi wanachunguza, daktari anachunguza, na uchunguzi unaweza kumalizika bila kubaini kitu. Anayesaka anajua kitu kipo, na anabana eneo hadi akifikie.

Wapo pia watakaosema mafundi hawahitaji istilahi, maana wao husema tu wanacheki shida. Lakini kazi yao ni ya malipo. Hapo ndipo jina linapokuwa na uzito. Mteja aliyezoea kulipia utatuzi hulipia kilichobadilishwa. Saa tatu za kupima joto na volteji huziona kama bure. Fundi naye, asipolipwa kwa kutafuta, huvutika kubadilisha betri kwa kubahatisha, na kipakatalishi kinarudi baada ya wiki kikizimika vilevile kwa sababu ya vumbi. Risiti ingeandikwa mistari miwili, usakaji wa hitilafu na bei yake, kisha matengenezo na bei yake, na mteja akaruhusiwa kulipia ule wa kwanza peke yake, aondoke akijua kama mashine hiyo inastahili kutengenezwa.