Kirusi Hakijaondoka, Kimejificha

Jirani yangu hapa Kakamega aliniuliza: "Ikiwa kipimo hakioni tena virusi vya Ukimwi, mbona nisiache dawa?" Nilimjibu kwa mfano wa kwetu Mombasa.

Kiini cha seli ni kama bandari ya Kilindini: mzigo mkubwa hautoki bila kibali. Protini ya kutoka huwa na alama yake. Alama hiyo hutambuliwa na protini nyingine, CRM1, ambayo ndiyo hamali: huuvusha mzigo kwenye matundu ya kiini, kisha hurudi kuchukua mwingine.

Kirusi cha Ukimwi huchomeka maumbile yake ndani ya DNA yetu, humo kiinini, na chaweza kulala miaka. Kikiamka, hutengeneza protini iitwayo Rev. Mwaka 1995 wanasayansi walitambua kibali chake. 1997 wakamjua hamali. Rev hushika RNA ya kirusi ambayo seli ingeizuia isitoke, humwonyesha hamali kibali, na mzigo unatoka kwenda kuunda virusi vipya.

Saratani nazo humtumia hamali huyo kutoa nje protini zinazozuia uvimbe. Selinexor, dawa inayomfunga CRM1, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kutibu saratani ya mailoma.

Dawa za ARV huzuia virusi visizaane. Hazimfikii aliyelala kiinini. Ukiziacha, ataamka. Kwa hiyo, ndugu yangu, kutoonekana si kutokuwepo. Endelea kumeza dawa.