Kobe wa Dhahabu: Washairi, Magari na Barabara za Italia

Katika historia ya mwendo kasi, washairi hawakuja nyuma kama watu wa kusifia yaliyokwisha kutendeka. Walitangulia. Kabla mafundi hawajaweza kuunda gari la kwenda kilomita 250 kwa saa katika njia ile ile iendayo sokoni na skuli, alikuwapo mshairi aliyekwisha kutangaza kwamba chombo cha namna hiyo ndicho uzuri wenyewe wa zama mpya. Mshairi huyo ni Filippo Tommaso Marinetti, Mtaliana aliyezaliwa Iskandaria, Misri, mwaka 1876, na ambaye mwaka 1905 alianzisha huko Milan jarida la ushairi aliloliita Poesia.

Mwaka 1908 Marinetti alikuwa akiendesha gari lake nje ya Milan alipokutana na waendesha baiskeli wawili. Alipowakwepa, gari likatumbukia mtaroni. Tarehe 20 Februari 1909 gazeti la Le Figaro la Paris likachapisha ilani yake mashuhuri, na humo ajali ile imegeuzwa kuwa kuzaliwa upya: mtu anaibuka kutoka kwenye tope akiwa kiumbe kipya, tayari kuusifu mwendo na kuzikana enzi zote zilizopita. Gari la mashindano linalonguruma liliwekwa mbele, kwa uzuri, ya sanamu ya Ushindi ya Samothrace, ile ya marumaru ya Wayunani wa kale iliyomo katika jumba la Louvre. Wale waendesha baiskeli wawili wametajwa kidogo tu, tena kama kero, kisha wanatoweka.

Kutoweka kwao si jambo dogo. Historia ya magari ya kasi katika barabara za umma ni historia ya pande mbili: yule aliyemo ndani ya gari, na yule aliyesimama kando ya njia. Wa kwanza ametungiwa mashairi, amechongewa sanamu, amepigwa picha. Wa pili aghalabu amebaki bila ya jina.

Wala haiwezi kusemwa kuwa mwaka 1909 madhara yalikuwa hayajajulikana. Miaka sita kabla, alfajiri ya tarehe 24 Mei 1903, magari zaidi ya 200 yaliondoka Versailles kuelekea Madrid. Barabara zilikuwa za vumbi, na watu walijaa pande zote mbili, wengine wakiingia hadi katikati ya njia ili waone vizuri, kisha wakirudi nyuma gari linapowakaribia. Fernand Gabriel, katika gari la Mors, aliwasili Bordeaux, masafa ya kilomita zipatazo 550, kwa wastani wa kilomita 105 kwa saa. Lakini nyuma yake, ndani ya wingu la vumbi, madereva wasioona mbele waligonga miti, kuta na watu. Marcel Renault, mmoja wa ndugu walioanzisha kiwanda cha magari cha Renault, aliumia vibaya karibu na Couhé-Vérac, akafariki baada ya siku mbili. Walikufa makanika, na walikufa watazamaji. Serikali ya Ufaransa ikayasimamisha mashindano pale pale Bordeaux, na inasimuliwa kuwa magari yalikokotwa na farasi hadi stesheni ya reli. Baada ya msiba huo, mashindano ya mji hadi mji yakafifia Ufaransa, na mbio zikaanza kuhamia katika mizunguko iliyofungwa.

Italia ilikuja kushika njia nyingine. Mji wa Brescia, ulioko kaskazini, ulikuwa mwenyeji wa mbio kuu za Italia mwaka 1921, lakini mwaka uliofuata heshima hiyo ikachukuliwa na uwanja mpya wa Monza, karibu na Milan. Watu wa Brescia hawakulisahau jambo hilo. Vijana wawili wa ukoo bora, Aymo Maggi na Franco Mazzotti, pamoja na Renzo Castagneto na mwandishi wa habari Giovanni Canestrini, wakabuni mashindano yasiyohitaji uwanja: kutoka Brescia hadi Roma, na kurudi Brescia kwa njia nyingine, jumla ya kilomita zipatazo 1,600. Wakayaita Mille Miglia, yaani maili elfu, jina lenye mwangwi wa Warumi wa kale waliozipima njia zao kwa maili. Utawala wa Mussolini, uliopenda kila kilichofanana na nguvu, haukuyakataa.

Mwezi Machi 1927 mashindano ya kwanza yakafanyika. Washindi, Ferdinando Minoia na Giuseppe Morandi, walikuwa katika gari la OM, lililotengenezwa Brescia penyewe. Walitumia saa 21, dakika 4 na sekunde 48, kwa wastani wa kilomita 77 kwa saa. Leo huo ni mwendo wa basi la kawaida. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1930, Tazio Nuvolari alishinda akiwa na gari la Alfa Romeo, na kwa mara ya kwanza wastani ukavuka kilomita 100 kwa saa.

Ushindi huo ndio uliozaa hadithi ambayo Waitalia hawajachoka kuihadithia. Husemwa kwamba Nuvolari, akimfuata mpinzani wake Achille Varzi kabla ya kupambazuka, alizima taa za gari lake ili Varzi adhani yuko peke yake. Na alipomkaribia kabisa, akaziwasha ghafla na kumpita. Waliochunguza wametofautiana kama jambo hilo lilitendeka hivyo. Hata hivyo, ngano hujieleza kwa kile inachokistahi. Mtu aendaye gizani bila ya taa, katika barabara ya watu, alionekana shujaa. Hakuna msimulizi aliyejishughulisha kuuliza nani mwingine alikuwamo njiani alfajiri ile.

Nuvolari alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mzaliwa wa Castel d'Ario karibu na mji wa Mantova, mwaka 1892. Sifa zake zilimfikia Gabriele D'Annunzio, mshairi aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote Italia kwa wakati ule, aliyekuwa akiishi Gardone, ukingoni mwa ziwa Garda. Mwezi Aprili 1932 mshairi alimkaribisha dereva nyumbani kwake, akamtunukia kobe mdogo wa dhahabu. Maana ya tunu hiyo aliifafanua mwenyewe: mwanadamu mwenye mbio kuliko wote alistahiki mnyama mzito wa mwendo kuliko wote. Nuvolari akaifanya nembo yake. Tangu hapo alishindana akiwa amevaa kobe kifuani.

Kwa msomaji aliyelelewa na hadithi za kobe, mnyama ashindaye mbio kwa akili na subira, zawadi hii ina ladha ya pekee. D'Annunzio alikusudia mchezo wa tofauti, kuweka kinyume mbele ya kinyume ili kila kimoja king'are, kama wafanyavyo washairi wa lugha zote. Lakini fumbo likishatoka kinywani mwa mshairi si lake tena. Kobe yule aliendelea kufumbuliwa na matukio ambayo mtunzi wake hakuyawazia.

Tukio la kwanza lilikuja mwezi Aprili 1938. Mjini Bologna gari la Lancia Aprilia lilipoteza mwelekeo lilipokuwa likivuka reli za tramu, likawavamia watazamaji. Watu kumi walikufa, saba kati yao watoto. Serikali ikapiga marufuku mbio za aina hiyo barabarani. Mwaka 1940 mashindano yaliruhusiwa tena, lakini katika mzunguko mfupi uliofungwa baina ya Brescia, Cremona na Mantova. Wiki chache baadaye Italia ikaingia vitani.

Ilipofika 1947, nchi ikiwa bado na madaraja yaliyovunjika kwa mabomu, Mille Miglia ikarudi katika barabara za umma. Marufuku ya 1938 ilikuwa imesahauliwa, au imefunikwa na misiba mikubwa zaidi. Nuvolari, akiwa na umri wa miaka 54 na mapafu mabovu, alishika nafasi ya pili. Maisha yalikuwa yamempiga pigo ambalo barabara haikumpiga: wanawe wawili, ambao ndio watoto wake wote, walifariki kwa maradhi, kila mmoja akiwa na miaka 18. Yeye mwenyewe alifia kitandani mwake Mantova, Agosti 1953.

Mwaka 1954 waandaaji wakaipindisha njia ili ipite Mantova kwa heshima ya marehemu, na wakaanzisha tuzo yenye jina lake. Tuzo hiyo ilikuwa ya dereva atakayepata wastani mkubwa kuliko wote katika kipande cha mwisho, kutoka Cremona kupitia Mantova hadi Brescia. Kipande hicho ni tambarare na kimenyooka. Dereva aliyechoka kwa saa kumi za kona na milima aliombwa, kwa heshima ya Nuvolari, akanyage mafuta hadi mwisho.

Kilele cha mashindano hayo kilifikiwa tarehe 1 Mei 1955. Mwingereza Stirling Moss, akiongozwa na mwandishi wa habari Denis Jenkinson, aliondoka Brescia katika Mercedes-Benz 300 SLR. Gari lilikuwa na namba 722, kwa kuwa lilianza saa 1 na dakika 22 asubuhi. Kila gari lilibeba saa ya kuondoka kwake. Jenkinson alikuwa ameiandika njia nzima, kila kona na kila mwinuko, katika ukanda wa karatasi wa mita zipatazo tano uliozungushwa ndani ya kijisanduku, na kwa kuwa kelele za injini hazikuruhusu maneno, alimpa Moss habari kwa ishara za mkono. Walirudi Brescia baada ya saa 10, dakika 7 na sekunde 48, kwa wastani wa kilomita 157 na zaidi kidogo kwa saa. Hakuna aliyewahi kuufikia mwendo huo katika njia ile kamili.

Ni vyema kufahamu tarakimu hizi zina maana gani kwa aliyesimama kando ya njia. Gari liendalo kilomita 250 kwa saa hupita mita 69 kila sekunde. Kabla jicho halijauarifu mguu, na mguu haujaifikia breki, urefu wa kiwanja kizima cha skuli umekwisha kupita. Tena nguvu iliyomo ndani ya gari haizidi kwa kadiri ya mwendo tu: mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya kishindo huwa mara nne. Wala Mille Miglia haikuwa na uzio wa kutosha wa kuwakinga watu katika kilomita 1,600. Hakuna serikali ingeweza kuujenga. Kinga pekee ilikuwa kwamba hakuna kitakachoharibika.

Tarehe 12 Mei 1957 kiliharibika. Alfonso de Portago, mwanaukoo bora wa Kihispania mwenye miaka 28, alikuwa katika Ferrari namba 531 pamoja na msaidizi wake Edmund Nelson. Walikuwa wamekwisha kuipita Mantova, na Brescia ilikuwa kilomita zipatazo 40 tu mbele yao. Karibu na kijiji cha Guidizzolo, katika barabara iliyonyooka, tairi moja ikapasuka. Gari likaacha njia, likaruka, likawaangukia watu waliosimama kandokando. Portago na Nelson walikufa, na watazamaji tisa walikufa pamoja nao. Watano miongoni mwao walikuwa watoto. Mahali hapo palikuwa katika kipande kile kile kilichoongezwa kwa heshima ya mwenye kobe.

Safari hii marufuku haikusahauliwa. Mille Miglia kama mbio za kasi ilifikia mwisho wake. Enzo Ferrari alishitakiwa pamoja na watengenezaji wa tairi, na kesi ikaendelea hadi 1961 alipoonekana hana hatia. Kisheria lilikuwa swali la mpira: ulifaa au haukufaa kwa mwendo ule? Swali la pili, la kama mwendo ule ulifaa kwa barabara ile, lilikwisha kujibiwa na serikali.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na sehemu yake katika historia hii. Mwaka ule ule wa 1953 aliofariki Nuvolari, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ambayo baadaye yakajulikana duniani kwa jina la Safari. Kwa miongo mingi yalikimbiwa katika barabara zilizo wazi kwa mabasi, mifugo na waenda kwa miguu, na katika miaka ya mwisho helikopta ziliruka juu ya magari ili kuwatahadharisha madereva juu ya kilichoko mbele. Yaliondoka katika ubingwa wa dunia baada ya 2002. Yaliporudi 2021, mbio zenyewe zilifanyika hasa eneo la Naivasha, katika njia zilizofungwa.

Jina la Mille Miglia lingalipo. Tangu 1977 magari ya zamani, ya miundo iliyoshiriki kabla ya mbio kusimamishwa, huondoka Brescia kwenda Roma na kurudi, na safari hiyo ya siku kadhaa hupimwa kwa usahihi wa muda, wala si kwa kasi. Magari yale ya Moss na wenzake, yaliyoundwa ili yasisimame, sasa husimama kwenye taa nyekundu pamoja na pikipiki na malori ya maziwa, na waendesha baiskeli huyapita. Kando ya barabara ya Guidizzolo lipo jiwe la kumbukumbu. Kobe wa D'Annunzio amechukua miaka mingi, lakini amefika.