Jeraha la uti wa mgongo: Kinachoamua maisha baada ya ajali

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 15.4 duniani walikuwa wakiishi na jeraha la uti wa mgongo. Katika nchi tajiri, maambukizi yanayotokana na vidonda visivyotibiwa si tena miongoni mwa sababu kuu za vifo vyao. Katika nchi maskini bado ni hayo yanayowaua, ingawa yanaweza kuzuilika. Tofauti hiyo haitokani na ukubwa wa jeraha, bali na huduma na mazingira anayoyakuta majeruhi baada ya ajali.

Jeraha hili ni nini?

Uti wa mgongo ni safu ya pingili za mifupa. Ndani yake hupita ugwe wa neva, unaopeleka amri za ubongo mwilini na kurudisha hisia kwenye ubongo. Ugwe huo ukikatika au ukibanwa, mawasiliano hudhoofika au hukoma chini ya mahali palipoumia. Jeraha la shingoni laweza kupoozesha mikono na miguu na kudhoofisha upumuaji. Jeraha la kifuani au kiunoni huacha mikono salama, lakini laweza kupoozesha miguu. Kwa kawaida uwezo wa kuzuia haja na hisia za ngozi huathirika pia. Hadi sasa hakuna tiba ya kuunganisha upya ugwe uliokatika.

Hutokeaje?

Duniani kote, sababu kuu ni kuanguka, ajali za barabarani na vitendo vya ukatili. Uchunguzi wa wagonjwa kaskazini-mashariki mwa Tanzania ulionyesha kwamba kuanguka kulitangulia, kukifuatiwa na ajali za barabarani. Wanaume ndio wanaoathirika zaidi, wengi wakiwa katika umri wa kufanya kazi na kulea watoto. Wapo pia wasiopata ajali yoyote: kifua kikuu kinachoshambulia pingili za mgongo na uvimbe vyaweza kuubana ugwe kidogo kidogo.

Dakika za kwanza zina uzito mkubwa. Majeruhi anayelalamikia shingo au mgongo, au asiyehisi miguu yake, hapaswi kuketishwa wala kupakatwa kwenye pikipiki. Iwapo hakuna hatari inayomlazimu kuondolewa upesi, aachwe alale, kichwa na shingo vikishikwa visitikisike, hadi watu kadhaa waweze kumbeba kwa pamoja juu ya ubao au machela.

Ngozi na kibofu

Mtu mwenye afya hujigeuza usingizini bila kujua. Aliyepoteza hisia hapati onyo lolote. Mfupa wa nyonga, mkia wa mgongo au kisigino ukigandamiza ngozi kwa saa chache, damu hukosa kupita na kidonda huanza. Kisipogunduliwa mapema, huchimba hadi mfupani, na vijidudu vyaweza kuenea katika damu na kuua.

Kibofu nacho huhitaji uangalizi. Mkojo unaobaki ndani huleta maambukizi, na ukirudi nyuma huharibu figo.

Kinga yake haihitaji mitambo mikubwa: kumgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa mbili hivi, godoro na mto wa kukalia vinavyofaa, kuikagua ngozi kila siku kwa msaada wa kioo, na mpira safi wa kutolea mkojo mara kadhaa kwa siku. Lakini vifaa hivyo hugharimu fedha kila mwezi, na jeraha lenyewe mara nyingi limekwisha kumwondoa kazini aliyekuwa akiilisha familia.

Funzo la mwaka 1944

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, askari aliyepooza miguu hakutarajiwa kuishi muda mrefu. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, aliyekuwa ameikimbia Ujerumani ya Wanazi, alipewa wodi ya majeruhi hao huko Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuwa na dawa ya kuponya ugwe. Aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, wafundishwe kazi na wacheze michezo. Tarehe 29 Julai 1948, wanamichezo 16 walishindana hapo katika ulengaji wa mishale. Kutokana na mashindano hayo ilizaliwa Michezo ya Paralimpiki, iliyofanyika kwa mara ya kwanza Roma mwaka 1960.

Kikwazo kilichopo mlangoni

Kiti cha magurudumu kilichotengenezwa kwa sakafu laini hakifui dafu kwenye mchanga, matope au ngazi. Choo cha kuchuchumaa humlazimu mtu mzima kubebwa. Mzigo wa uangalizi huangukia zaidi wanawake wa nyumbani, ambao nao hupoteza muda wa shamba au biashara. WHO inaeleza kuwa zaidi ya asilimia 60 ya watu wazima wenye jeraha hili duniani hawana ajira, na kwamba dalili za msongo mkubwa wa mawazo huwapata asilimia 20 hadi 30. Imani kwamba aliyepooza hawezi tena kuoa, kuolewa au kuzaa huongeza upweke, ilhali wanawake wengi wenye jeraha hili hushika mimba na kujifungua, na wanaume waweza kusaidiwa kitabibu.

Kenya, Uganda na Rwanda ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, Burundi mwaka 2014 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2015. Ibara ya 9 ya mkataba huo inadai majengo, barabara na usafiri vifikike kwa wote, na Ibara ya 26 inadai huduma za utengamao, zikiwamo zilizo karibu na makazi ya watu, hata vijijini. Kwa aliyeumia mgongo, utekelezaji wa ibara hizo mbili hupimwa kwa mambo madogo: njia ya mteremko mahali penye ngazi, mto wa kukalia, na mhudumu wa afya anayefika nyumbani kabla kidonda hakijafika mfupani.