Padri Aliyeona Guernica Ikiteketea

Nilipokuwa katika seminari kubwa nilipenda kukaa nyuma kabisa ya maktaba, mahali palipowekwa magazeti ya zamani ya Wakatoliki wa Ulaya, yaliyoliwa na mende. Siku moja nilisoma katika gazeti moja la mwaka 1937 kwamba mji wa Guernica, katika inchi ya Wabasko, ulichomwa moto na wakomunisti kabla ya kukimbia. Niliyasadiki maneno yale miaka miwili mizima. Kwa nini nisisadiki? Liliandikwa na mapadri.

Kwanza tukumbuke hali ya mambo. Vita ya Hispania ilianza mwezi wa Julai 1936, majemadari walipoasi serkali ya Republika, na Franco akawa mkubwa wao. Katika sehemu zilizobaki kwa Republika, mapadri, waseminari, watawa wa kiume na wa kike waliuawa karibu 7,000, na maaskofu 13 pamoja nao. Haya si masingizio. Majina yao yalihesabiwa moja moja, na wengi wao wametangazwa na Kanisa kuwa wenye heri. Magazeti ya Wakatoliki katika inchi za mbali yaliandika habari hizo, na ilikuwa wajibu wao. Magazeti mengi yaliyoipenda Republika yalizipitia mbio mbio.

Lakini kwa Wabasko mambo yalikuwa mengine. Kule Misa ilisomwa, makanisa yalikuwa wazi, mapadri walipita njiani na kanzu zao. Hata hivyo watu hao walisimama upande wa Republika, maana iliwakubalia serkali yao wenyewe mwezi wa Oktoba 1936. Askari wa Franco walipoteka sehemu ya inchi yao, waliwapiga risasi mapadri wapata 14. Mmoja aliitwa Celestino Onaindía. Basi, gazeti lililokwisha kuwaambia wasomaji wake kwamba hii ni vita ya msalaba, litawaweka wapi mapadri hao? Mara nyingi halikuwaweka popote.

Tarehe 26 Aprili 1937 ilikuwa siku ya Jumatatu, siku ya soko. Tangu saa kumi na nusu ya mchana, ndege za Wajerumani wa Hitler, waliotumwa kumsaidia Franco, pamoja na ndege za Waitalia, ziliupiga mji wa Guernica muda wa saa tatu. Zilitupa mabomu ya kubomoa na mabomu ya moto, na waliokimbilia mashambani walifuatwa kwa risasi za bunduki za mtombo. Kati ya watu waliojificha alikuwamo kanoniko wa kanisa kuu la Valladolid, mwenye miaka 34, aliyekuwa safarini kumchukua mama yake. Ndiye Padri Alberto Onaindía, ndugu ya yule Celestino.

Usiku ule waandishi wanne wa magazeti ya kigeni walikuwa mezani huko Bilbao. Waliposikia habari walipanda motokari, wakaukuta mji unawaka. Mmoja alikuwa George Steer wa gazeti la The Times la London, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amefukuzwa Etiopia na Waitalia. Steer hakuandika usiku ule. Kesho yake aliwauliza watu waliookoka, akaokota mabomu ya moto yasiyowaka, yenye alama ya kiwanda cha Wajerumani na mwaka 1936. Habari yake ilitokea London na New York tarehe 28 Aprili, kwa maneno makavu. Nadhani ukavu ule ndio uliotia watu hofu.

Huko Salamanca watu wa Franco walijibu kwanza kwamba ndege hazikuruka kwa ajili ya hali mbaya ya mbingu. Kisha wakasema Wabasko wenyewe waliumwagia mji mafuta na kuuwasha. Uongo huu ulikuwa na mguu wa kusimamia, maana mwezi wa Septemba 1936 mji wa Irún ulichomwa kweli na watu wa Republika walipokuwa wakirudi nyuma. Msomaji wa mbali aliyekumbuka Irún hakuona ajabu kusikia hivyo juu ya Guernica. Tarehe 29 Aprili askari wa Franco waliuingia mji, na waandishi walioongozwa nao walionyeshwa kuta zilizoungua. Hata The Times, kwa mwandishi wake wa upande ule, likatoa maneno ya mashaka. Magazeti ya Ufransa yalipata shida zaidi, kwani mengi yalitegemea habari zilizotoka kwa Franco.

Padri Onaindía alikwenda Paris, akasema mbele ya waandishi yale aliyoyaona. Magazeti mengi ya Wakatoliki katika Uingereza na Marekani yaliendelea kushika maneno ya Salamanca. Shahidi alikuwa padri, hata kanoniko, aliyeona kwa macho yake. Lakini ushuhuda wake uliwafaa adui za Kanisa, na hilo lilitosha ili akataliwe. Katika Ufransa, François Mauriac na Jacques Maritain waliwatetea Wabasko hadharani mwezi wa Mei, wakatukanwa na Wakatoliki wenzao. Gazeti la Commonweal la New York lilipotangaza mwaka 1938 kwamba halitasimama upande wowote, lilipoteza wasomaji wengi.

Nisiwafiche neno jingine. Serkali ya Wabasko ilisema wafu ni 1,654, na magazeti ya upande wake yakaitangaza hesabu hiyo. Wengi wa wanahistoria wa leo wanasema ni mia kadhaa tu. Mji ulipigwa kweli, na hesabu iliongezwa. Aliyetaka kukana tendo alishika hesabu. Aliyetaka kulilaani hakuiuliza. Sisi wa Kongo, ambao vita zetu zimesimuliwa mara nyingi na watu wasiozifika, tunaufahamu mchezo huo.

Onaindía hakurudi kwa kanisa lake la Valladolid. Alikaa ugenini, akisema na watu wa Hispania kwa radio ya Paris kwa jina la Padre Olaso. Alikufa mwaka 1988 huko Saint-Jean-de-Luz, karibu na mpaka. Mwaka 1997 Roman Herzog, Prezidenti wa Ujerumani, aliwaandikia watu wa Guernica waliookoka, akikiri tendo la ndege za Wajerumani. Kule maktabani, lile gazeti la 1937 lingali mahali pake. Mimi mwenyewe nimetia ndani yake kipande cha karatasi chenye tarehe hizi.