Neno "Mbilikimo" katika Tafsiri ya Hadithi za Ajabu

Katika kufasiri hadithi za ajabu za Kizungu, neno mbilikimo hutumiwa kwa wepesi mno. Kila kiumbe mfupi wa hadithini, awe mchimba madini wa mlimani au mlinzi wa hazina, huitwa mbilikimo. Lakini neno hilo lina maana nyingine. Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, na hasa wa mashariki ya Kongo, mbilikimo ni jina la watu halisi, wakiwamo Wambuti wa msitu wa Ituri. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa mfano wa kitabu kimoja na filamu zake, jinsi maana hiyo inavyoweza kumponza mfasiri.

Mwaka 1964 ilichapishwa Marekani hadithi ya watoto iitwayo Charlie and the Chocolate Factory. Mwandishi wake, Roald Dahl wa Uingereza, hakuwa mgeni wa Afrika: mwaka 1938 alikuja Dar es Salaam kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell, na hapo akajifunza Kiswahili. Katika chapa hiyo ya kwanza, wafanyakazi wa kiwanda cha chokoleti, waitwao Oompa-Loompa, walikuwa Waafrika weusi wafupi mno waliotolewa msituni. Mwenye kiwanda, Willy Wonka, aliwasafirisha ndani ya masanduku yaliyotobolewa matundu, akawalipa kwa mbegu za kakao, na akajaribia peremende zake kwao. Nao walielezwa kuwa watu wenye furaha, wapenda nyimbo na mzaha.

Picha hiyo ilikuwa na historia. Mwaka 1905 Wambuti sita walichukuliwa kutoka Ituri hadi Uingereza, wakaonyeshwa kwa watazamaji jukwaani London. Mwaka 1906 Ota Benga, kijana wa Kongo, aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Dahl aliwaandikia wasomaji ambao jamii zao zilikwisha kuzoezwa kumwona mtu huyo kuwa kitu cha kutazamwa.

Habari za kutengenezwa kwa filamu ziliamsha malalamiko, na NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kilikuwa miongoni mwa waliopinga. Filamu ilipotoka mwaka 1971, Oompa-Loompa walikuwa na nyuso za rangi ya chungwa na nywele za kijani. Mwaka 1973 Dahl mwenyewe alikibadili kitabu: Afrika ikaondolewa, ngozi ikawa nyeupe, na kwao kukawa Loompaland, nchi ya kubuni. Katika filamu ya mwaka 2005 wote waliigizwa na mtu mmoja, Deep Roy, mwenye asili ya Kihindi na mzaliwa wa Nairobi. Hata hivyo, katika chapa ya 1973 masanduku, ujira wa kakao na majaribio yalibaki vilevile.

Hapa ndipo lugha yetu inapohusika. Mfasiri akiitwaa chapa ya 1973 na kuandika "mbilikimo", atakuwa amerudisha kwa neno moja kile alichokiondoa mwandishi. Akiandika "vijitu", upatanisho wa ki-/vi- utawashusha kutoka katika hadhi ya watu. Huenda mtu akajibu kwamba kamusi hueleza mbilikimo kuwa ni mtu mfupi sana. Ni kweli, lakini maana zote mbili zimo katika neno hilohilo, na mtoto asomaye shule Bunia, mwenye jirani Mmbuti, hana njia ya kuzitenganisha.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, jina la kubuni libaki lilivyo na lichukue upatanisho wa a-/wa-: "Oompa-Loompa wanaimba". Pili, ufupi wao uelezwe waziwazi kwa maneno "watu wafupi sana", na neno mbilikimo litumiwe pale tu matini yenyewe inapowakusudia watu wa msituni. Tatu, anayefasiri chapa ya 1964 kwa ajili ya utafiti asiilainishe, bali aonyeshe mwaka wa chapa mwanzoni mwa kitabu, ili msomaji ajue ni maneno ya wakati gani anayoyasoma.